Konokono wa Mlango wa Mwisho

Mama yao alikuwa muuza magodoro, tena muuza magodoro wa kweli, si wale wanaokuuzia sponji iliyokatwa kwa panga na kushonewa kitambaa cha maua. Alianza na cherehani moja na magunia ya pamba, akamalizia na kiwanda chenye king'ora. Alipozeeka alikiuza, fedha akaziweka benki zisiguswe, kisha akawaita wanawe watatu akawaambia kwamba faida ya kila mwaka itolewe ruzuku kwa watu wa aina tatu: wanaotafiti magonjwa, wanaohifadhi misitu na viumbe, na wasanii. Walipomuuliza kwa nini hao, alishangaa kwamba wanauliza.

"Nimeuza magodoro maisha yangu yote," alisema. "Mtu analala vizuri akiwa mwili haumuumi, akiwa anavuta hewa safi, na akiwa ameimbiwa. Godoro ni nyongeza tu. Ila msiwaambie wateja."

Ndivyo ulivyozaliwa Mfuko wa Mama. Haukuwa mfuko wa kutisha. Haukuwa na ofisi wala gari lenye nembo mlangoni. Ulikuwa na meza ya jikoni, ile ile ya marehemu, na ndugu watatu walioizunguka kila Jumamosi. Kaka Mkubwa alikuwa daktari wa meno mstaafu, na kama madaktari wa meno wengi alikuwa amezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. Dada yao alikuwa afisa misitu, naye amestaafu, na ndiye aliyekuwa katibu kwa sababu wenzake wote wawili wana mwandiko wa kuku. Wa mwisho alikuwa Kitinda, yaani kitindamimba, fundi wa vinanda vya shule, makanisa na hoteli. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani na bado alikuwa anatumwa sukari dukani. Hakuoa, na baada ya msiba ndiye aliyebaki kukaa katika nyumba ya mama.

Sasa, mama huyo alikuwa na mambo yake. Alikataa katakata mtu kuamua kazi anayoijua. "Mkimpeleka daktari kwa daktari watakaa wanashindana nani amesoma," alisema, na hakuna aliyempinga kwa sababu Kaka Mkubwa alikuwa amekaa pale pale. Kwa hiyo daktari wa meno akapewa misitu na viumbe, afisa misitu akapewa wasanii, na fundi wa vinanda, ambaye damu ikimtoka kidoleni hutafuta pa kukaa, akapewa utafiti wa magonjwa. Tena mwamuzi haruhusiwi kusoma karatasi hata moja ya mwombaji. Anakwenda bila kujitambulisha, anashinda naye kutwa, akipewa kazi anaifanya, anarudi mezani na neno moja: ndiyo au hapana. Na asiahidi kitu njiani, hata pipi. Hilo la ahadi mama alilisema mara nyingi, na kila alipolisema alimwangalia Kitinda.

Alikuwa na sababu. Kitinda hakuwahi kurudi na hapana. Kila mwaka alirudi amempenda mtu, akamsifia mpaka chai ikapoa, na kila mwaka kaka na dada yake wakatazamana, kisha Dada akafungua mafaili akaanza upya, eti kuhakikisha. Hawakumwambia kwamba neno lake halina uzito. Walimwongezea chai tu. Lakini mtu anajua. Mwaka huu Kitinda alikuwa amejiapia kwamba atafungua macho, atauliza maswali, atarudi na neno litakalosimama lenyewe mezani.

"Ni pale chuoni, jengo la nyuma," Dada alimwambia. "Mtu wa konokono. Zaidi ya hapo sikwambii."

Mlinzi wa jengo hilo alikuwa mzee mchangamfu aliyekuwa akimenya chungwa. Kitinda alimsalimia, akamuuliza mtu wa konokono yuko wapi, na mlinzi hakufikiri hata kidogo. "Nenda moja kwa moja, baba. Mlango wa mwisho."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na giza kidogo, madirisha yamefunikwa mapazia mazito yaliyoloweshwa maji, na meza ndefu zilizojaa masanduku ya kioo. Mwanamke wa makamo, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kiwikoni, aligeuka akamwona, uso ukachanua.

"Hatimaye! Nimeomba msaidizi tangu mwezi uliopita, nikadhani utawala wamenipuuza. Ingia, funga mlango polepole, hawapendi mshindo. Unajua kukata matango?"

Kitinda alisema anajua. Alivishwa aproni, akapewa kisu na ubao, na ndani yake akafurahi kama mtoto. Akipewa kazi anaifanya, mama alisema hivyo. Alikata matango vipande vyembamba, akasaga maganda ya mayai kwenye kinu mpaka yakawa unga, akachuja maji ya mvua kwa kitambaa. Mwanamke huyo alifungua sanduku moja baada ya jingine, akatoa kipande kikuukuu, akaweka kipya, akapuliza maji kwa bomba la mkono, kila sanduku na salamu yake.

"Unga wa mayai ni wa nini, daktari?" Kitinda aliuliza.

"Wa magamba yao, yasiwe laini. Na mimi si daktari, baba. Mimi mlezi tu."

Kitinda akatikisa kichwa kwa heshima. Unyenyekevu ulioje! Wanasayansi wakubwa ndivyo walivyo, alijiambia, wadogo ndio wanaotaka kuitwa vyeo. Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angeshtuka, lakini mtu mwingine yeyote angekuwa amesoma karatasi.

Konokono wenyewe walikuwa wadogo, mkubwa wao hafiki ukucha wa kidole gumba, magamba yao ya rangi ya asali yenye mstari mwembamba mweusi. Kitinda aliinama juu ya sanduku moja na kusikia kitu. Alidhani ni masikio yake. Akaweka sikio kwenye kifuniko cha wavu, akazuia pumzi. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ndogo mno, nyingi kwa pamoja, kama watu wengi wanaokuna nazi chumba cha mbali.

"Wanakula!" alinong'ona.

Mlezi aliacha bomba lake. "Umewasikia? Watu huwa hawawasikii. Nikiwaambia wanasikika, wanadhani upweke umenipanda kichwani."

Walikaa hapo wote wawili, masikio juu ya wavu, wakisikiliza konokono wakila tango. Kitinda ameshika vinanda tangu ujana wake na amesikia vilivyopigwa na watu wa maana. Alisema baadaye kwamba hakuna sauti iliyomtuliza kama ile, na mimi namwamini, maana si mtu wa kutia chumvi kwenye mambo ya sauti. Kwenye mambo ya watu, ndiyo, anatia kwa mikono miwili.

Mchana mlezi alimweleza. Konokono hao waliishi katika msitu wa kilima kimoja tu. Kilima kikauzwa kwa wachimba kokoto. Alikwenda na trei za mayai siku chache kabla ya mashine, akatambaa kwa magoti chini ya majani, akaokota aliowaona. Sasa kilima ni shimo lenye maji. "Hawa ndio wote," alisema. "Ukiniuliza duniani wako wapi wengine, nitakuonyesha meza hii. Na mwisho wa mwezi chumba kinachukuliwa. Sina mshahara hapa, nilikaribishwa tu na mwalimu wangu aliyestaafu. Anatakiwa mtu mwenye fedha za utafiti."

Kitinda alikumbuka kwamba amejiapia kuuliza maswali. Akauliza la maana kuliko yote: je, binadamu watafaidika na nini?

"Binadamu?" Mlezi alifikiri. "Hawa wanakula majani yaliyooza, wanatengeneza udongo."

Udongo, dawa, ni hapo hapo, Kitinda alijiambia, na akaridhika.

Jioni alipovua aproni moyo wake ulikuwa umejaa. Alijua hapaswi. Alimwona mama yake kabisa, kidole juu. Lakini yule mwanamke alikuwa amesimama kati ya masanduku yake, amechoka, anamshukuru kwa matango, na Kitinda akashindwa kujizuia.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi si wa utawala. Nina ndugu zangu, tuna uwezo kidogo. Usihangaike tena. Hawa hawahami. Nakupa neno langu."

Mlezi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kitinda alitoka hapo anatembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Jumamosi walikaa mezani. Kaka Mkubwa alisema ndiyo yake kwa kikundi kinachorudishia miti kwenye chemchemi. Dada alisema ndiyo yake kwa kikundi cha maigizo cha viziwi, ambao walimchekesha kwa mikono mitupu mpaka akaomba maji. Kisha Kitinda akapewa nafasi, akaanza. Alieleza ubaridi wa chumba, mapazia, unga wa mayai, sauti ya kula. Alieleza vizuri kuliko miaka yote. Kaka Mkubwa hata alisahau kutazama saa. Dada ndiye aliyeweka kalamu chini.

"Ngoja. Anawalisha matango?"

"Kwa mkono wake. Anawapenda hao, dada, kama amewazaa."

"Anawapenda?"

"Mwanamke yule ana moyo..."

"Kitinda," alisema Dada taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Mtu wetu ni mwanamume."

Dada akavuta faili karibu, akalifungua.

"Ni mwanamume, ana ndevu, anatafiti kichocho. Konokono wake wanaishi kwenye maji, ndio wanaobeba ugonjwa. Na hawapendi hata kidogo, mdogo wangu. Akimaliza nao anawaua."

Kaka Mkubwa ndiye aliyeanza. Kilimtoka kicheko cha puani, akajaribu kukimeza, kikamshinda, akavua miwani akalaza kipaji cha uso mezani. Dada akafuata, machozi yanamtiririka. "Kutwa nzima!" alisema kila alipopata pumzi. "Kutwa nzima anakatia matango konokono wasio wetu!" Kitinda naye akacheka, shingo upande. Walikuwa na haki ya kucheka. Lakini wao walikuwa wanachekea matango tu, hawakujua kuna ahadi.

Jumatatu alirudi chuoni, akaingia mlango ulio kabla ya ule wa mwisho. Mtafiti wa kichocho alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito na aibu nyingi. Alikuwa amesikia fununu kwamba mtu wa ruzuku angekuja wiki iliyopita. "Nilivaa tai kila siku," alisema. "Leo nimechoka nayo nimeiacha." Kitinda alitamani ardhi impasukie.

Alipewa kazi na hapa pia. Alibeba mabeseni, akawasha taa juu ya vikombe vya maji vyenye konokono mmoja mmoja, weusi, wasio na uzuri wowote. Wakikaa chini ya mwanga, mtafiti alieleza, wenye ugonjwa huachia vimelea majini. Alimwekea hadubini. Kitinda alichungulia akaona vitu vyenye mikia vinapigapiga huku na huko, akaomba kiti.

"Nilipokuwa mdogo nilikojoa damu," mtafiti alisema, akimwangalia konokono na si mgeni. "Sisi wavulana wote tulikojoa damu. Tulidhani ndiyo kukua. Tulikuwa tunaringiana. Mmoja wetu hakufika miaka thelathini, kibofu kilimuua. Sasa nataka kitu kidogo tu, kikaratasi unachochovya kwenye bwawa, kikigeuka rangi unawaambia watoto msiingie hapa. Niko karibu. Niko karibu sana."

Kitinda hakuhitaji kumwonea huruma huyu, wala kumpenda. Ilikuwa wazi kabisa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kukaa kwenye meza ile, alijua ndiyo yake ni ndiyo.

"Na mahali pa kufanyia yote hayo?" aliuliza. "Hapa pamebana."

"Mahali papo." Mtafiti alionyesha ukuta kwa kidole. "Jirani anatoka mwisho wa mwezi. Nimeshaongea na utawala. Ikipatikana ruzuku tu, chumba ni changu."

Kitinda aliutazama ukuta ule. "Na jirani anakwenda wapi na konokono wake?"

"Sijui kwa kweli. Hatuongei sana. Ananiita mchinjaji."

Alitoka kwa kunyata, lakini mlango wa mwisho ulikuwa pembeni tu, nao ulikuwa wazi.

"Baba wa matango!" Mlezi alikuja mbio, amevaa tabasamu ambalo hakuwa nalo wiki iliyopita. "Nilikuwa naomba upite nikwambie. Kulikuwa na watu wa bustani ya maua walisema watanichukulia nusu. Nusu tu, hao wengine ningewaacha wafe. Jana nimewapigia simu nikawaambia waache, sitaki tena. Nimewaambia mtu mzima amenipa neno lake."

Kitinda aliuliza wanaendeleaje, akajibiwa wanaendelea vizuri, akaaga. Nje alikaa kwenye benchi la mlinzi, ameshika tama, asione hata chungwa alilopewa. Mwaka huu alitaka neno lake liwe na uzito. Sasa alikuwa nayo mawili, yote mazito, na moja lilikuwa linaliua jingine. Akimpa ndiyo mtafiti, konokono wa mlezi hawana pa kwenda, hata nusu yao. Akisema hapana, kuna watoto wanaoringiana mahali fulani kwa mkojo mwekundu.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya ukuta wa ua, aliwaita ndugu zake mezani, ingawa haikuwa Jumamosi.

"Mtafiti wa kichocho, ndiyo," alisema. "Na msifungue faili. Ni ndiyo."

Dada alimtazama, hakugusa faili. Kaka Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Kitinda akameza mate, akawaeleza yaliyobaki: chumba, bustani ya maua, neno alilolitoa.

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Uliahidi," alisema Kaka Mkubwa.

"Niliahidi."

"Jambo moja. Mama alikukataza jambo moja, kwa jina lako!"

"Najua, kaka."

"Ruzuku ya hifadhi nimeshawapa watu wa chemchemi. Siwezi kuwapokonya kwa sababu wewe ulisikiliza konokono wakila."

"Sijakuomba uwapokonye. Nataka niwalete hapa. Wakae chumbani kwangu."

"Chumbani kwako!" Dada alisema. "Chini ya bati tupu, na jua la mchana? Na gundi, na vanishi, na vinanda vinavyonguruma? Utakuwa umewachemsha kabla ya wiki. Wanataka nini hasa?"

"Ubaridi. Giza kidogo. Kusiwe na kishindo."

Alipomaliza kusema, wote watatu walijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Katika nyumba ile kulikuwa na chumba kimoja kisichopata jua, upande wa nyuma, chenye kuta nene na sakafu ya saruji inayobaki baridi hata wakati wa joto kali. Kilikuwa cha mama. Hawakuwahi kukubaliana kukifunga. Siku waliyotoka makaburini Kaka Mkubwa alikifunga, akaweka ufunguo mfukoni, na tangu hapo hakuna aliyeuomba. Kitinda alipita mbele ya mlango huo kila siku akienda kuoga. Dada alikuwa na kanga zake humo ndani na hakuzifuata.

"Hapana," alisema Kaka Mkubwa, ingawa hakuna aliyesema neno. Alisimama, akatoka uani. Walimwona dirishani ameingia kwenye gari lake na kukaa tu, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Dada aliosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Kitinda alitaka kumfuata, Dada akamzuia kwa jicho.

Kaka Mkubwa aliporudi alikaa kwenye kiti chake, akauliza kwa ile sauti aliyokuwa akiwauliza wagonjwa jino lipi linauma.

"Wanapiga kelele?"

"Mpaka uweke sikio."

"Wananuka?"

"Kama majani yaliyonyeshewa."

"Na huyo mama atakuwa anakuja?"

"Kila siku, kaka. Asubuhi na jioni."

"Kila siku," alisema Kaka Mkubwa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya Kitinda. Ulikuwa unang'aa kwa kushikwashikwa, na Kitinda akaelewa kwamba kaka yake hakuwa ameusahau hata siku moja.

Kumwambia mlezi ndiko kulikokuwa kugumu. Kitinda alipiga moyo konde, akaenda asubuhi, akasimama mlangoni bila kuingia. "Nilikuambia hawahami," alisema. "Sikuwa na haki ya kusema vile. Chumba hiki kinakwenda kwa jirani yako, na sisi ndio tuliompa fedha. Anastahili. Wewe nimekukosea."

Uso wa mlezi ulijifunga. Kitinda aliendelea haraka, akaeleza nyumba, chumba, kuta. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jua la asubuhi linapiga upande gani?" na Kitinda angeweza kumkumbatia.

Walifungua chumba pamoja, ndugu watatu. Hakikuwa na maajabu, kilikuwa chumba cha mtu mzima aliyelala humo: kitanda, kabati, vumbi, miwani juu ya redio. Dada alizikunja kanga akilia na kuongea wakati mmoja. Kaka Mkubwa alilibeba godoro peke yake, la pamba, zito kama mtu aliyelala, na alipoambiwa asaidiwe alifoka. Jambo la kushangaza ni kwamba walipomaliza walikuwa na njaa, wakala sana, wakazungumza habari za mama hadi koo zikakauka. Hawakuwa wamefanya hivyo tangu azikwe.

Masanduku yalikuja siku ya kuhama, yamefunikwa vitambaa vibichi. Mtafiti wa kichocho alijitolea gari lake, akayabeba mwenyewe moja moja, kifua mbele, hatua kwa hatua, jasho likimtiririka ndevuni. "Leo mchinjaji amekuwa hamali," alisema, na mlezi, ambaye alikuwa amekusudia kununa njia nzima, akacheka akamwambia aangalie kizingiti.

Siku iliyofuata ilikuwa ya katikati ya wiki, na Kaka Mkubwa, ambaye kwa kawaida haonekani kabla ya Jumamosi, alifika asubuhi. Alimwambia Kitinda kwamba alikuwa anapita tu. Kitinda alikuwa uani amepiga magoti ndani ya kinanda cha shule, akasema sawa, akaendelea na kazi, ila sikio alilitega. Alimsikia kaka yake anakwenda ukumbini, polepole. Akamsikia anasimama mbele ya mlango wa mama. Mlango ulikuwa umerudishwa, na mlezi alikuwa ndani tangu mapema, lakini Kaka Mkubwa hakulijua hilo. Alikohoa kama alivyokuwa akikohoa enzi zile mama yupo, na ulimi ukafanya ulichozoea kufanya pale.

"Hodi," alisema kwa mlango.

"Karibu," ilijibu sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Karibu ndani, ingia taratibu."

Nyundo ya Kitinda ilisimama hewani. Kisha akamsikia kaka yake akisema "Ahsante" kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu aliyeitwa ndani baada ya kukaa nje siku nyingi, akavua viatu, akaingia.